Butembo: Kosa aliliona, mdomo ukakataa kulisema

Mwalimu mmoja wa Kiingereza katika sekondari moja ya Butembo, jimboni Kivu ya Kaskazini, ana faktire anayoihifadhi ndani ya daftari lake la matayarisho. Si yake. Aliachiwa na binti aliyekuwa mwanafunzi wake, aliyepata diploma ya Serikali na alama nzuri katika lugha.

Binti huyo alitumwa Kampala na shangazi yake, muuza vitenge. Kwa wafanyabiashara wa Butembo hiyo ni safari ya kawaida: kushuka hadi Kasindi, kuvuka mpaka Mpondwe, kisha basi hadi mji mkuu wa Uganda. Shangazi miguu ilikuwa inamuuma, akasema: "Wewe umesoma, utaenda wewe." Mtaji wa duka lote akaufunga kiunoni mwa binti.

Kule Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, binti alichagua vipande 12. Faktire ikaandikwa 14. Kosa aliliona papo hapo, maana kusoma anajua. Akaweka kidole juu ya namba ile. Muuzaji akamuuliza kwa Kiingereza kuna shida gani, na swali hilo alilielewa vizuri kabisa. Jibu ndilo halikutoka. Alikuwa anatafuta kitenzi kwa Kifaransa ili akigeuze, huku akijikumbusha kanuni ya wakati uliopita, na watu nyuma yake wanasukumana. Kiswahili cha muuzaji kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Binti akaitikia kwa kichwa, akalipa vipande viwili ambavyo hakuvichukua. Faida ya safari ikabaki pale.

Shangazi hakumpigia kelele. Alisema tu kwamba mara nyingine atamtuma kijana wa jirani, yule aliyeacha masomo akaenda kubeba mizigo Kasindi, na ambaye siku hizi anabishana na madereva wa Uganda kwa Kiingereza bila woga. Neno hilo lilimuuma binti kuliko hasara yenyewe. Ndipo akamfuata mwalimu nyumbani, akaweka faktire mezani.

"Prof, ulinipa 16 juu ya 20. Alama hizo zilikuwa za nini?"

Mwalimu alikuwa na majibu mengi. Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya sitini. Katika Exetat mwanafunzi anachagua jibu moja kati ya yale aliyoandikiwa, na hakuna anayemwomba afungue mdomo kwa Kiingereza. Yote hayo ni kweli. Hakuyasema. Alikumbuka kitu alichosoma zamani akiwa mwanafunzi wa ualimu.

Nchini Kanada, mtafiti Merrill Swain alichunguza watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza ambao walikuwa wanafundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Baada ya miaka kadhaa, katika kusikiliza na kusoma walikuwa wanakaribia watoto wa rika lao ambao Kifaransa ni lugha yao ya nyumbani. Lakini katika kusema na kuandika walikuwa bado nyuma. Wakati huo mtafiti wa Marekani, Stephen Krashen, alikuwa anafundisha kwamba jambo kubwa ni mwanafunzi kupata lugha anayoweza kuielewa, na kusema kutakuja kwenyewe. Mwaka wa 1985 Swain akajibu kwamba kuelewa peke yake hakutoshi. Mtu anapolazimika kusema ndipo anagundua neno gani limempungukia, na ndipo anaanza kulitafuta.

Mwalimu akawaza juu ya kijana wa Kasindi. Kila neno lililompungukia lilimkosesha mzigo, na kesho yake alirudi akiwa nalo. Binti huyu, kwa miaka yote ya sekondari, alikuwa anasikiliza na kunakili, na aliyekuwa anasema kipindi kizima ni mwalimu.

Wiki iliyofuata aliwapanga wanafunzi watatu watatu: mmoja muuzaji, mmoja mnunuzi, wa tatu anasikiliza na kuandika palipokwama. Aliyekosa neno aliruhusiwa kuliomba kwa Kiswahili au Kinande, kisha arudi kwenye Kiingereza. Siku ya kwanza prefe alikuja mbio akiuliza nani anapigana. Baadaye mzazi mmoja alikuja kuuliza kama minervali anayolipa ni ya mchezo wa soko, na Exetat inakaribia.

Mzazi huyo hakukosea. Bila diploma, mlango wa chuo haufunguki. Kwa hiyo mwalimu aliacha sarufi mahali pake, na kwa kusema akatenga kipindi kimoja kwa wiki. Hakuna muujiza uliotokea. Wengine bado wanajificha nyuma ya wenzao, na wavulana wanawakata wasichana maneno. Lakini daftari la yule wa tatu sasa linamwonyesha mwalimu wanakwama wapi, jambo ambalo mtihani haukuwahi kumwonyesha.

Siku moja alimwalika binti darasani. Akasimama mbele na faktire yake, akachukua nafasi ya muuzaji, akawaambia ameuza vipande 12. Karatasi ikapita mikononi mwao. Kimya kikawa kirefu. Mwishowe msichana wa benchi la nyuma akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba wamechukua 12, si 14, na kwamba anataka pesa zake.

Kitenzi chake kilikuwa na kosa. Mwalimu alikiona, akakiacha kipite. Binti alimwomba msichana yule arudie, kisha naye akarudia maneno hayo kwa sauti, mara mbili.

Shangazi bado hajasema ni nani atakayetumwa Kampala safari ijayo.