Mkuyu, Nyigu na Sokwemtu wa Cyamudongo

Msafiri atokaye Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi iliyokuwa zamani sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, hupita kwa muda mrefu kati ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni. Kisha, juu ya mashamba hayo, huona msitu mdogo uliofunga giza. Huo ndio Cyamudongo. Hapo kale uliungana na msitu mkuu wa Nyungwe. Majembe yakautenga, ukabaki kisiwa cha kilometa chache za mraba. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza pamoja na Nyungwe katika orodha ya urithi wa dunia.

Humo huishi kundi dogo la sokwemtu, ambao hupenda sana matunda ya miti ya jamii ya mikuyu. Maua ya mkuyu yamo ndani ya tunda lenyewe, upepo hauyafikii. Nani basi huyachavusha? Ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, wala si yule aumaye watoto uani. Nyigu jike hujipenyeza katika tundu jembamba la tunda changa, na humo njiani mbawa zake hukatika. Hataruka tena. Hutaga mayai katika baadhi ya maua, mengine huyapaka chavua aliyotoka nayo kwenye mti aliozaliwa, kisha hufia mumo humo. Wanawe madume huzaliwa bila mbawa. Kazi yao ni kuwapanda majike na kutoboa ukuta wa tunda. Majike hutoka na chavua, wakiwa na siku moja au mbili tu za kuupata mkuyu mwingine wa aina yao.

Kwa sababu hiyo mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja. Ingefanya hivyo, nyigu wangekosa pa kwenda. Faida humwangukia sokwemtu, apataye makuyu hata matunda mengine yakiwa yamekwisha. Naye hulipa: humeza mbegu na kuziacha katika kinyesi mbali na mti mama.

Lakini mlipaji aweza kutoweka. Huko Nyungwe tembo wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999, na mbegu kubwa zilizopita tumboni mwake hazina tena mchukuzi wa kimo kile. Kati ya Cyamudongo na Nyungwe pana mashamba na nyumba. Nyigu huweza kupeperushwa na upepo akavuka; sokwemtu hana njia ila kupita mbele ya milango ya watu.