Beringi Moja, Nyumba Mbili

Mwaka huu nimelipia beringi ya gurudumu la mbele katika magari mawili. La kwanza ni gari ninaloendea kazini hapa Reading, Uingereza. La pili ni Toyota IST ya familia iliyoko Dar es Salaam, ambayo kaka yangu humpelekea mama kliniki. Beringi zote mbili zilikuwa mbovu tangu dukani. Tofauti ilikuwa nani alibeba hasara, na hilo ndilo nataka tulizungumze sisi tunaoishi huku na kutengeneza magari ya kule.

Huku kilichoanza kuuma ni bei. Gari lilikwenda kwenye MOT, ukaguzi wa kila mwaka ulioanzishwa mwaka 1960, ambao leo gari hulazimika kuupitia likishatimiza miaka mitatu. Likafeli: beringi inavuma, springi ya mbele imevunjika. Gereji ikaniandikia pauni 430. Spea zenyewe hazikufika nusu ya fedha hizo. Zilizobaki zilikuwa saa za fundi, na juu ya vyote kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Kwa wenzetu wengi wanaohudumia wazee majumbani, huo ni karibu mshahara wa wiki nzima. Ukisema ununue spea mwenyewe mtandaoni kwa bei nafuu, gereji nyingi zitakataa kuifunga, au zitaifunga bila dhamana yoyote.

Baada ya muda mfupi gurudumu likaanza kuvuma tena. Nikarudi na risiti. Walilipandisha gari, wakaitoa ile beringi mpya, wakaona ina kasoro, wakafunga nyingine bila kunidai hata peni moja. Sikuhitaji kujuana na mtu wala kupaza sauti. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema bidhaa lazima iwe na ubora unaoridhisha na kazi ifanywe kwa uangalifu. Bidhaa mbovu unaweza kuirudisha ndani ya siku 30 ukapewa fedha zako. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita ya mwanzo, kwa kawaida muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haikuwepo alipouza. Na akikaidi, ipo mahakama ya madai madogo, ambayo England na Wales husikiliza madai ya hadi pauni 10,000, na mtu wa kawaida hujisimamia bila wakili. Ile gereji nayo haikukaa na hasara. Iliirudisha beringi kwa aliyewauzia, ili naye amfuate mtengenezaji.

Sasa twende Dar. Beringi ilinunuliwa Gerezani kwa shilingi 40,000, ndani ya boksi lenye maandishi ya Kijapani. Fundi wa Ilala, ambaye familia yetu inamwamini kwa miaka mingi, alichukua ufundi wa shilingi 25,000, pamoja na kuipeleka kwenye presi. Ukilinganisha na bili ya Reading, ni fedha kidogo sana. Haukupita muda mrefu, kaka akapiga simu: "Dada, gurudumu linalia tena." Fundi aliifungua na kunitumia video. Gololi zilikuwa zimechubuka, grisi ilikuwa kiduchu, na namba iliyochapwa kwenye chuma ilifutika kwa kidole. Feki. Kaka aliporudi dukani alioneshwa maneno yaliyo chini ya risiti ya mkono: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ikanunuliwa ya pili kwenye duka jingine, nayo haikudumu. Iliyomaliza tatizo ni beringi ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa na kuletwa kutoka Japani. Mara ya pili fundi alikataa kuchukua ufundi, ingawa kosa halikuwa lake. Kwa hiyo hasara ya kitu feki ilibebwa na mama, ambaye gari lake lilikaa juu ya mawe, na fundi aliyefanya kazi bure. Muuzaji na aliyeingiza mzigo nchini hawakupoteza kitu. Huku hasara hupanda juu hadi kwa aliyetengeneza. Kule huteremka hadi kwa mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Jambo hili ni zito kuliko fedha. Kumbukeni eabegi za kampuni ya Takata ya Japani. Ndani yake kulikuwa na amonia naitreti, kemikali ambayo baada ya miaka ya joto na unyevunyevu iliharibika, na eabegi ilipofumuka ikarusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu walikufa katika nchi mbalimbali, na Marekani peke yake eabegi zilizoagizwa kubadilishwa zilikuwa takribani milioni 67. Takata ikafilisika mwaka 2017. Huku Uingereza gari likiitwa lirudi gereji kwa kasoro ya namna hiyo, barua inakuja hadi mlangoni, kwa sababu mtengenezaji hupata anwani yako kwenye rejista ya serikali, na kifaa hubadilishwa bure. Gari lililouzwa kwanza Japani, kisha likavuka bahari hadi Dar au Mombasa, barua yake haimfuati mmiliki mpya. Na joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu.

Hata hivyo, nisingependa mtu adhani kwamba huku kila kitu ni bora. Alteneta ikifa Reading, inatupwa na kuwekwa nyingine. Ilala itafunguliwa, ibadilishwe kaboni, isukwe upya waya, irudi kazini. Huku gari linalotengenezeka huenda kwenye chuma chakavu kwa sababu tu saa za fundi zimezidi thamani yake. Mafundi wetu hulifanya gari hilohilo lihudumie familia miaka kumi zaidi. Ujuzi huo ni utajiri, na unaharibiwa jina na spea feki. Gari likirudi bovu, wa kwanza kuitwa mwizi ni fundi.

Sheria nyumbani zipo. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, yenye jukumu la kumlinda mlaji. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Kilichokosekana ni mnunuzi anayedai na ofisi inayomfikia kwa haraka, maana mtu hawezi kuacha kazi siku nzima kwa ajili ya beringi ya shilingi 40,000.

Hapo ndipo sisi wa ughaibuni tuna nguvu, kwa kuwa mara nyingi fedha ni zetu. Usitume fedha kwa neno "spea" tu. Omba picha ya namba ya chasisi, tafuta namba kamili ya kifaa, mpe fundi aende nayo dukani. Lipa moja kwa moja kwa lipa namba ya duka, na dai risiti ya mashine ya kodi, EFD, yenye jina la kifaa. Mwulize muuzaji kabla ya kulipa: kikiharibika ndani ya mwezi, utanibadilishia? Akikataa, nenda duka jingine. Namba hiyohiyo ya chasisi iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kwa kasoro. Ukiuziwa feki, peleka malalamiko FCC, hata kama fedha ni ndogo. Na fundi mwaminifu mlipe ufundi wake kamili.

Kwa FCC, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na wabunge wetu, ombi langu ni moja: maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yasiwe kinga ya anayeuza kitu kibovu. Anayechukua faida ya spea ndiye abebe hasara yake.