Barua kutoka Florida: Ajali Ina Kinga, Shangazi

Wasomaji wa safu hii mniwie radhi. Barua ya leo ni ya shangazi yangu wa Tanga, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Ameniruhusu niiandike hadharani, kwa hiyo ketini naye barazani msikilize.

Shikamoo Shangazi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata Ijumaa nikitoka kuswali. Umeniuliza mambo mawili: hao Wamarekani wanaoruka kutoka kwenye ndege nzima isiyo na hitilafu yoyote wanatafuta nini, na mimi mwanao nafanya nini katikati yao. Nitayajibu yote mawili, na la pili nitalijibu kwa urefu, maana ndani yake mna jambo nililolibeba kifuani tangu ule msiba wetu.

Mimi ni rubani wa warukaji wa miavuli, na kazi yangu ni kupanda na watu na kushuka peke yangu. Ndege yetu ni Cessna Caravan, ya injini moja na pangaboi moja puani. Unaifahamu kwa mlio: ni aina ile ile inayotua Tanga ikitoka Pemba na Unguja. Yetu haina viti vya abiria. Watu kumi na watano hukaa kwenye mabenchi mawili marefu ya chini, wameipa pua ya ndege migongo, magoti ya huyu yakigusa mgongo wa yule. Mlango uko ubavuni kushoto, karibu na mkia, nao hufunguliwa tukiwa angani.

Tunapanda kwa takriban dakika ishirini mpaka futi 13,500, yaani mita 4,100 hivi. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atakuambia kwamba kwa kimo hicho umeshaipita kambi ya Horombo ila ya Kibo hujaifikia. Baridi inauma hata mwezi wa Julai, na huko chini maziwa ya Florida yanametameta kama mabati mapya. Kabla hatujafika juu nimeshazungumza na waongoza ndege kwa redio, nikawaambia zimebaki dakika ngapi watu watoke, ili nao wawaonye marubani wengine wanaopita. Naielekeza pua kule upepo unakotoka, napunguza mwendo, nawasha taa ya kijani. Mlango unafunguliwa, na upepo na mngurumo vinaingia pamoja.

Hapo ndipo kazi yangu hasa inapoanza. Watu wanne watano wakisogea mlangoni kwa pamoja, uzito wote huhamia mkiani na pua hutaka kuinuka. Ikiinuka mno ilhali mwendo ni mdogo, hewa haiyabebi tena mabawa. Kwa hiyo nausukuma usukani mbele taratibu, huku nikiwahesabu kwa mtikisiko, maana kila anayetoka ndege hushtuka kidogo na kuwa nyepesi. Kundi moja likishatoka, la pili husubiri sekunde kadhaa, wasije wakagongana wakati wa kufungua miavuli. Muda si muda nimebaki mimi na mikanda inayopepea sakafuni. Wao wanaanguka kwa kasi ya kilomita 200 hivi kwa saa, dakika nzima, ndipo miavuli ifunguke. Mimi nalaza ubawa na kushuka haraka, na mara nyingi natua kabla yao. Jumamosi yenye anga safi nafanya hivyo mara kumi na tano na zaidi.

Sasa, wanatafuta nini? Yupo muuguzi wa zamu za usiku, yupo dereva mstaafu wa malori, yupo mwalimu wa hesabu, yupo kijana wa Kibrazili anayelipwa kwa kila mwavuli anaoukunja. Wengi huja Ijumaa jioni na nyumba zao za magurudumu, wakaziegesha chini ya mialoni, na hadi Jumapili usiku wanaishi kama watu wa kaya moja. Moto wa kuota ni mmoja, na mtoto wa yeyote hulishwa na yeyote. Desturi yao ni kwamba anayefanya jambo kwa mara ya kwanza huwanunulia wenzake bia. Mimi nilipotimiza safari yangu ya mia niliwapikia pilau lako, lile la kukaanga vitunguu mpaka viive kahawia, na sufuria likafutwa. Yule muuguzi aliniambia kwamba wagonjwa humfuata kichwani mpaka nyumbani, ila akisimama kwenye ule mlango kichwa chake hubaki na jambo moja tu. Nadhani wengi wao wanatafuta hilo: dakika moja ambayo moyo wote uko mahali pamoja.

Lakini kilichonishika mimi hapa ni jinsi wanavyojilinda.

Kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajaamka, nachota mafuta kidogo kutoka kwenye matangi ya ndege na kuyatia kwenye chupa ya kioo, nikayaangalia dhidi ya mwanga. Maji yakiwemo hujitenga na kukaa chini. Ni kazi ya dakika chache, na sijawahi kuiruka, kwa sababu naijua habari ya Perris Valley, kule California. Aprili 1992 ndege ya warukaji aina ya Twin Otter iliruka pale ikiwa na mafuta yaliyochafuka. Injini moja ikazimika ndege ikiwa bado chini, na watu 16 wakafa. Marubani wengi wa kazi hii wanaijua habari hiyo. Nikiinua ile chupa huwakumbuka wale watu, nami siwajui hata sura.

Ukiingia kwenye banda la kukunjia miavuli utaona mambo kama hayo kila upande. Kila mrukaji hubeba mwavuli wa pili wa akiba, na huo sheria inataka ukunjwe na fundi mwenye leseni kila baada ya siku 180, hata kama haukutumika. Begani kuna pete tatu za chuma zilizopishana, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970: mwavuli mkubwa ukigoma au ukisokotana, unavuta kishikio kimoja nao unaachia wote, upate nafasi ya kufungua wa akiba. Ndani ya mkoba kuna kifaa kidogo kinachopima kimo na kasi. Kile kinachoitwa Cypres, kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuingia sokoni 1991, kikiona mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa mita 225 tu juu ya ardhi, hukifungua chenyewe kifuko cha mwavuli wa akiba. Mtu huyo anaweza kuwa amezimia, naye bado akatua salama.

Na akifa mtu, Shangazi, wanafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwetu. Wanalia, wanamzika, halafu wanakaa kitako na kuuliza. Alifungua akiwa kimo gani? Nani alikagua? Kipi kingeweza kubadilika? Jarida la chama chao cha taifa huchapisha habari za ajali bila kutaja jina la marehemu, na warukaji huzisoma kwa makini. Miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa ikipoteza kwa wastani warukaji zaidi ya 40 kila mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko inayokaribia milioni tatu na laki saba. Bado ni misiba kumi, na kila mmoja una mama yake. Hata hivyo pengo hilo kati ya arobaini na kumi halikuja lenyewe. Limejengwa pete kwa pete, kwa maswali yaliyoulizwa juu ya makaburi.

Sisi marubani nasi tuna hesabu yetu. Mwaka 2008 bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilitoa ripoti kuhusu ndege za warukaji: tangu 1980 zilikuwa zimetokea ajali 32 zilizoua watu 172. Bodi ikanyoosha kidole kwenye matengenezo hafifu, makosa ya marubani na usimamizi uliolegea. Nimeisoma ripoti hiyo zaidi ya mara moja.

Hata mimi kuwa hapa ni matunda ya watu waliokataa kunyamaza. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50. Familia za marehemu zilikwenda Washington, zikarudi, zikaenda tena, hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 2010. Tangu 2013 anayetaka kuwa rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa, kwa kawaida, awe na saa 1,500 za kurusha ndege. Vijana wengi tunazitafuta saa hizo kwa kuwabeba warukaji. Mimi nimebakiza chini ya mia nne, na sizionei uchungu, kwa kuwa kila saa imenifunza kitu kuhusu upepo, uzito na subira. Mawingu ya radi yakijikusanya alasiri, nasema hatupandi, na watu kumi na watano waliokwishavaa hukaa chini ya mti. Hakuna anayenipigia kelele kwamba tunachelewa.

Unajua ninakoelekea, Shangazi, na naomba unistahimilie. Basi lililombeba marehemu kaka, mwanao, lilijaza watu hadi kwenye ujia. Hapakuwa na orodha ya majina, nasi tukamtafuta siku mbili, hospitali hadi hospitali. Siku ya hitima wazee wakasema ajali haina kinga, sote tukaitikia, nikiwamo mimi. Hakuna aliyeuliza breki zilikaguliwa lini. Hakuna aliyeuliza dereva alikuwa amelala saa ngapi. Tuliona kuuliza ni kama kumkosoa Mungu.

Leo naamini tulikosea. Kadari ni ya Mungu, hilo silipingi. Lakini ni wewe uliyenisimulia, nikiwa mdogo, kuhusu yule bedui aliyefundishwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Hawa watu wa Florida, wengi wao hawajawahi kusikia kisa hicho, wanamfunga ngamia kila asubuhi. Ajali ina kinga, Shangazi. Kinga yake ni kazi ndogo ndogo ambazo mtu anazirudia hata siku asiyoangaliwa na yeyote.

Mdogo wetu anarudi chuoni Dar mwezi ujao. Muombee safari njema, kisha muulize: basi lina mikanda? Jina lake limeandikwa? Na mwendo ukizidi, aseme kwa sauti, hata wakimwita mwoga.

Jana jua likizama nilipandisha safari ya mwisho. Walitoka kumi na watano. Nilipotua na kuzima injini nilikwenda kusimama ukingoni mwa majani na dada wa orodha, yule anayeandika jina na uzito wa kila anayepanda. Tukahesabu miavuli: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Nyama ilikuwa imeshaiva. Wa kumi na tano upepo ulimpeleka mbali, akatua ng'ambo ya shamba la michungwa, na giza lilikuwa limeanza kuingia alipotokea akitembea, amekumbatia mwavuli wake. Mpaka anafika, hakuna aliyekuwa amegusa sahani.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao.