Anayekimbia hana nafasi kwenye filamu

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu, hasa ninyi jamaa mliohama vita, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya makala. Mara nyingi nikimaliza kuchukua sauti za watu, kabla sijafunga mashine yangu, kuna kijana ananiuliza: "Papa wa redio, wewe unapenda filamu gani?" Wananiuliza sawa vile ningekuwa mjuzi. Mimi nilisoma sekondari, kisha mafunzo ya uandishi wa habari. Sinema sikufundishwa popote. Naangalia kinachopatikana: kwenye nyumba ya video ya mtaani, kwenye televisheni ya dada yangu umeme ukiwapo, au kwenye simu, filamu ikiwa imekatwa vipande vinne. Lakini mtu aliyelipa faranga zake ana haki ya kusema, na leo nitasema bila kuzunguka.

Kipimo changu ni kimoja. Filamu ya vita ikianza, mimi naangalia watu wanaokimbia. Karibu kila filamu wanakuwemo: mama na mzigo kichwani, mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake, wakati mwingine na mbuzi. Wanapita mbele ya kamera sekunde tatu, nne. Kisha kamera inamrudia mwenye bunduki, na wale hatuwaoni tena. Walilala wapi? Nani aliwapokea? Yule mzee alifika? Filamu haisemi, na mwenye kuitengeneza hakujali.

Sisi wa Goma tunajua kwamba kukimbia hakumaliziki kwa sekunde nne. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 asubuhi tukaamriwa kuondoka katika mitaa kumi ya mji. Wengi tulishika barabara ya Sake, zaidi ya kilometa 20, wengi wetu kwa miguu. Kwetu kulikuwa kwanza na ugomvi: tubebe matela au sufuria? Nani anashika bidoni? Mama alifunga mlango, tukatembea kidogo, akarudi kuusukuma aone kama umefungwa kweli. Na hiyo ilikuwa mlima, haikuwa masasi. Waliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo tangu vita virudi mwishoni mwa mwaka 2021, kila jamaa ina filamu nzima ndani ya ile saa moja ya kuondoka. Sijaiona kwenye televisheni hata mara moja.

Sasa twende kwenye majina.

Nianze na Rambo, kwa sababu hakuna mtaa hapa usio na kijana anayeitwa hivyo. Filamu zinazopendwa ni ya pili, ya mwaka 1985, anaporudi Vietnam kutafuta wafungwa, na ya tatu, ya mwaka 1988, anapoenda Afghanistan. Kelele, moto, helikopta. Mimi nasema hizo mbili hazina kitu. Nzuri ni ya kwanza, ya mwaka 1982, ile ambayo vijana wanasema inachelewa kuanza.

Angalieni vizuri ile ya kwanza. Rambo anafika kwa miguu, na mfuko wake mgongoni. Anatafuta rafiki waliyepigana naye Vietnam, anaambiwa amekwisha kufa kwa kansa. Anaingia mji mdogo, anataka chakula tu. Mkuu wa polisi anamtazama nguo na nywele, anampakia kwenye gari na kumtupa nje ya mji. Kosa lake hakuna. Ni kwamba amekuja kutoka pengine na hawamtaki hapo. Anapogeuka kurudi, anafungwa. Mabaya yote ya filamu yanatoka pale. Na mwishoni, yule mtu mkubwa mwenye misuli analia sawa mtoto mbele ya mkubwa wake wa jeshi, anaeleza namna rafiki yake alivyokufa mikononi mwake. Ni nani kati yenu mliokuja mjini na mfuko mmoja asiyemjua mkuu wa polisi wa namna ile? Rambo wa kwanza ni mhami. Tumemgeuza kuwa jina la kutisha watu.

Commando, ya Arnold Schwarzenegger, ya mwaka 1985: ni ya kucheka. Baba mmoja anamfuata binti yake aliyetekwa, anaua watu wengi peke yake, na hakuna hata mmoja anayezikwa. Anayependa aiangalie, nami naiangalia. Lakini mtu asiniambie kwamba inaonyesha vita. Vita ambamo hakuna anayetafuta maji, kwangu mimi ni mchezo wa mpira wenye bunduki.

Blood Diamond, ya mwaka 2006, inaniumiza kwa namna nyingine. Humo kuna Solomon, mvuvi wa Sierra Leone, aliyetenganishwa na jamaa yake waasi walipoingia kijijini. Anamkuta mke wake na mabinti kwenye kambi kubwa ya wakimbizi kule Guinea. Waya wa uzio uko kati yao. Anauliza mtoto wa kiume yuko wapi, anaambiwa amechukuliwa. Mnapoangalia pale, nyumba nzima ya video inanyamaza, hata wale wanaouza karanga. Ni dakika chache za kweli kabisa. Lakini filamu inaondoka haraka kumfuata mfanyabiashara wa magendo ya almasi anayechezwa na Leonardo DiCaprio. Hata zawadi za Oscar zilifuata njia hiyohiyo: DiCaprio alipendekezwa kama mchezaji mkuu, na Djimon Hounsou, aliyecheza Solomon, kama mchezaji msaidizi. Jamaa iliyovunjika ni ya Solomon, mtoto aliyepotea ni wa Solomon, na yeye ndiye msaidizi. Nani aliamua?

Tuje kwetu. Virunga, ya mwaka 2014, imetengenezwa vizuri, tena kwa uhodari. Inaonyesha hifadhi yetu, mambo ya petroli, na vita vya mwaka 2012. Iliingia kati ya filamu tano zilizoshindania Oscar ya filamu za ukweli. Sina neno na gorila. Ni jirani zetu wa zamani, na walinzi wengi wa hifadhi wamekufa kwa kazi hiyo. Lakini nilipomaliza kuiangalia, nilikumbuka jina la mtunzaji wa gorila yatima, na namna wanavyomkumbatia. Wale waliokuwa wakipita barabarani na matela kichwani, sikukumbuka jina la hata mmoja wao. Ni filamu nzuri. Nasema tu kwamba barabarani pia kulikuwa na yatima.

Basi ipo filamu inayopita kipimo changu? Ipo. Mtengenezaji wake ni mwana wa Kisangani, Dieudo Hamadi. En route pour le milliard, ya mwaka 2020, inawafuata watu walioumizwa katika vita vya siku sita pale Kisangani, Juni 2000, vita vya majeshi mawili ya kigeni ndani ya mji wetu. Kuna waliokatwa miguu, kuna waliokatwa mikono. Wamengoja malipo yao miaka, wamechoka, wanapanda mashua kushuka mto hadi Kinshasa kudai wenyewe. Kamera inapanda nao. Mvua inanyesha, watu wanajifunika turubai, wanapika, wanagombana, wanacheka. Mguu wa bandia unavuliwa, unawekwa pembeni, mtu analala. Hakuna anayepita sekunde nne. Na wanasema kwa lugha zetu, Kilingala na Kiswahili. Kabla ya hiyo, mwaka 2017, Hamadi alitoa Maman Colonelle, ya mama mmoja wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, akiwalinda wanawake waliobakwa na watoto wanaoitwa wachawi. Ile ya mashua ilichaguliwa hata Cannes, Ufaransa. Wazungu wameiona. Kwenye nyumba za video ninazopita, sijaikuta hata mara moja.

Nisiache vipindi vya televisheni, kwa sababu akina mama watanikasirikia. Wanaume wengi wanacheka novela na michezo ya Wahindi. Mimi siwacheki. Kweli, mle ndani watu wanalala na rangi mdomoni, hakuna anayepika, na siri moja inachukua miezi mitatu kujulikana. Lakini vita vyake ni vya nyumba: nani mwenye nyumba, nani mgeni, mkwe anasema nini jikoni. Wachina walielewa jambo hilo mbele yetu. Mchezo wao uliotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, ulionyeshwa Tanzania mwaka 2011 na watu wakaupenda, kwa sababu mambo ya mkwe hayana taifa.

Mama mmoja kutoka Masisi, aliyepokewa na jamaa fulani hapa mjini, aliniambia sababu yake ya kufuata novela kila jioni. "Mwanangu," alisema, "yule msichana anaishi kwenye nyumba ya watu. Naangalia namna anavyoomba chumvi." Nilimuuliza kama bunduki hazimvutii. Akajibu: "Bunduki nimeziona za bure, mwanangu. Za kulipia za nini?" Hakuna mjuzi wa sinema aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Juu ya nini nasema haya yote? Ni juu ya watoto. Wanaingia nyumba za video mchana, wengi wao hawana shule ya kwenda, na wanaona filamu tatu kwa siku. Kesho yake wanachonga bunduki za mti. Wakubwa wengine wananiambia filamu ndizo zinazowatuma kwenye makundi yenye silaha. Sikubali. Nimeongea na vijana waliotoka huko, wanataja njaa, kulipiza kisasi, na kuchukuliwa kwa nguvu. Hakuna aliyenitajia Schwarzenegger.

Filamu zinafanya kitu kingine, polepole. Zinamwambia mtoto kwamba duniani kuna watu wa aina mbili: mwenye bunduki, ambaye ana jina, ana mama, ana hasira, ana hadithi, na wale wanaopita nyuma yake wakikimbia. Mtoto wa mhami anamtafuta mtu wa kufanana naye pale ukutani, na anajikuta upande wa wale wa sekunde nne. Hakuna mtoto anayependa kubaki upande huo. Mama yake, aliyemtembeza usiku mbili na kumfikisha mzima, hajamwona kwenye filamu yoyote akiitwa shujaa.

Kwa hiyo nina maombi, na naomba yachukuliwe kama ya jirani.

Kwenu wenye nyumba za video: najua mnalipa mafuta ya jenereta na kodi, na filamu ya masasi inajaza viti. Sisemi muiache. Wekeni moja tu kwa wiki ya watu wetu, ya Hamadi au ya mwingine, siku ambayo viti ni vitupu hata hivyo. Na mtoto wa miaka sita asikae mbele ya filamu ya kukata watu vichwa kwa sababu tu amelipa.

Kwenu mnaotafsiri filamu kwa Kiswahili: Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wametuonyesha kwamba sauti moja inaweza kuibadilisha filamu nzima. Mnapoona wale wanaokimbia, msinyamaze. Wapeni majina. Semeni mama huyu anaenda kwa dada yake, mzee huyu ameacha ng'ombe wawili. Ni sekunde nne, lakini zinatosha kwa jina.

Kwenu wazazi, mliolala Bulengo na Kanyaruchinya, mliorudi vijijini na mnaoishi bado kwa wenyeji: mtoto akitoka video, muulizeni swali moja. Wale waliokimbia walienda wapi? Atasema hajui. Basi mweleze ninyi mlienda wapi, nani alibeba nini, nani aliwafungulia mlango. Hilo halina bei ya kuingia.

Nami najitolea. Nina nakala ya filamu nilizonunua kihalali na mashine ndogo ya kuonyesha ukutani tunayoazimwa na rafiki. Mwenye nyumba ya video, parokia, au shule yenye ukuta mweupe, aliye tayari kutupa jioni moja, anitafute kwenye redio. Viti tutaleta wenyewe. Akina mama wataingia wa kwanza.