Safari ya usaili, kutoka migombani hadi kwenye miwa

Hiace ya alfajiri hushuka kutoka Kibosho ikiwa imejaa ndizi, maziwa na wanafunzi. Siku hiyo ilimbeba pia binti mmoja mwenye bahasha ya kaki mapajani. Ndani yake mlikuwa na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Alikuwa anakwenda kusailiwa kazi ya uhandisi mitambo.

Kutoka stendi ya Moshi barabara huelekea kusini, na kila kilomita joto huongezeka. Migombani baridi ilikuwa ya kuvaa sweta. Huku chini ni tambarare na mvua ni haba, ila miwa imestawi kwa umwagiliaji hadi macho yanapoishia. Ukigeuka nyuma, Mlima Kilimanjaro umesimama na theluji yake.

Shamba hili, TPC, lilianzishwa mwaka 1930 na A. P. Møller, Mdenmark wa meli za Maersk. Msimu wa kusaga ukifika, harufu ya sukari mbichi hutangulia kumpokea mgeni. Miwa husagwa, maji yake huchemshwa hadi sukari igande, na makapi huchomwa kwenye boila. Mvuke wake huzungusha mitambo ya umeme. Kwa hiyo pampu moja ikilala, kazi nyingi husimama.

Getini alimwamkia mlinzi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Kaa kivulini, utaitwa."

Pale kivulini ndipo alipoikumbuka simu ya wiki iliyopita. Mtu asiyejulikana alimpigia baba yake, akataka shilingi laki 5 "za kupitisha jina". Mzee alishamfungua ng'ombe kamba ampeleke mnadani. Binti akamzuia: "Baba, kama jina langu halipiti lenyewe, acha lisipite." Mzee alimrudisha ng'ombe zizini bila kusema neno, na kwa siku 2 nyumba ilikuwa kimya.

Chumba cha usaili kilikuwa na watu 3. Hawakuanza na GPA. Mmoja aliuliza: pampu inanguruma kama imemeza kokoto, na presha inashuka. Unaanzia wapi?

"Upande wa kuvuta," alijibu. "Naangalia kama tangi lina maji ya kutosha, kama vali imefunguliwa yote, kama chujio limeziba. Kabla ya kufungua chochote, nazima na kufunga umeme wake."

"Nani alikufundisha?"

"Fundi mmoja nilipokuwa mafunzo kwa vitendo. Hakuwa na digrii. Nilimbebea spana miezi 2."

Waliandika. Wakamwambia atapigiwa simu.

Hata akipata, safari bado ndefu. Mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kisha kwa kawaida hufanya kazi miaka 3 chini ya wazoefu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mzazi anayedhani digrii ndiyo mwisho wa ada ya uvumilivu ajiandae.

Jioni alipanda tena kwenye ubaridi. Baba yake alikuwa zizini akikata majani ya migomba.

"Wameuliza nini?"

"Habari za pampu."

"Hawakuuliza hela?"

"Hapana, baba."

Mzee akamtupia ng'ombe majani mengine, akampigapiga shingoni. Simu ilikuwa bado haijaita. Lakini usiku ule nyumba hiyo ilikula pamoja.