Dau la Mwisho: Kutoka Meza ya Karata Hadi Toi

Kabla ya kuuza viatu katika Soko la Toi, mwandishi wa tawasifu hii alikuwa mgawa karata wa usiku katika kasino moja ya Nairobi. Mgawa karata hanyanyui sauti. Kazi yake ni kuangalia mikono ya watu. Aliona jinsi mchezaji aliyebaki na chipu chache anavyozijenga mnara, anaubomoa, anaujenga tena, huku akitupa karata raundi baada ya raundi akingoja ree mbili zisizokuja.

Kungoja huko kuna bei. Katika mashindano ya poka, dau la lazima hupanda kila baada ya muda. Chukua meza ambayo kila mzunguko hudai jumla ya chipu 25,000, na dau kubwa la lazima ni 10,000. Mwenye chipu 100,000 ana mizunguko minne tu ya kuishi. Hesabu hiyo huitwa M, kutokana na jina la Mmarekani Paul Magriel, bingwa wa bakgamoni aliyefundisha hisabati: gawanya chipu zako kwa gharama ya mzunguko mmoja. Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, aliieneza vitabuni na kuonya kwamba M ikishuka chini ya tano, mchezaji ana njia mbili: aweke zote au atupe karata.

Sababu yake ni ya hesabu tupu. Ukisukuma 100,000, aliyeweka dau kubwa atalazimika kuongeza 90,000 ili akukabili, na mara nyingi atajitoa akuachie zile 25,000, robo nzima ya mali yako. Ukingoja mpaka ubaki na 25,000, ataongeza 15,000 tu kuwania 50,000 zilizo mezani. Atakufuata hata na karata mbovu. Ujasiri ni uleule, lakini hapo haumtishi mtu.

Mwandishi alihamia Toi soko lilipokuwa limesimama upya baada ya kuteketea katika ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008. Wateja wake walitoka Kibera na Kawangware, na wengine walishuka Adams Arcade kutoka Barabara ya Ngong. Hapo kodi ya kibanda, ushuru, mlinzi na chakula ndivyo vilivyokuwa dau la lazima. Vinalipwa uuze usiuze.

Machi 2020 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona. Marufuku ilipoondolewa Agosti, mtaji wa mwandishi ulikuwa umeliwa nusu. Majirani wengi walianza kuokota fagia, yaani mabaki, katika soko la Gikomba, jozi chache kwa bei nafuu, ili siku ipite. Hawakuwa wajinga; walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini fagia hailipi kodi, na kila wiki mtaji ulizidi kupungua.

Yeye alipiga hesabu yake ya M. Desemba, shule zikitarajiwa kufunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 4, 2021, aliweka mtaji wote wa biashara kwenye gunia moja la viatu vyeusi vya ngozi vya watoto. Gunia hununuliwa likiwa limefungwa. Alilipasua kwa kisu mbele ya kibanda, akatenga kamera, yaani jozi bora, upande mmoja: soli nzima, ngozi isiyopasuka, jozi zilizofungwa kwa kamba zake. Kamera zilikuwa nyingi kuliko mbovu, na wazazi walizimaliza kabla ya kengele ya kwanza.

Anashikilia kwamba uamuzi ule ungekuwa sahihi hata kama gunia lingetoka fagia tupu, kwa kuwa ulifanywa mtaji ukiwa bado unatosha gunia zima. Mfanyabiashara anayesoma haya na apige hesabu leo: mtaji wa biashara, gawanya kwa gharama za wiki. Pesa za karo na kodi ya nyumba zisiingie katika mtaji huo kamwe.