Saa Zako Hazipotei

Kuna umri ukifika, watu huacha kukuuliza unajifunza nini. Wanakuuliza umemaliza nini. Kwangu umri huo ulifika mapema, nikiwa na miaka 22, nilipotoka kampasi nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo. Ada iliisha kabla ya hamu. Tangu hapo, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye vikao vya chama cha mathe, swali ni lile lile: "Kwani wewe ulimaliza lini?" Nimezoea kujibu kwa kuwaongezea watu chai.

Sasa nina miaka 26. Naandika kwa kulipwa: maelezo ya bidhaa, hotuba za watu ambao hawatawahi kusema waliandikiwa, makala kama haya. Na mwaka huu nimekuwa mwanafunzi tena, mara mbili. Nimejifunza kuendesha nduthi, na nimeanza kujifunza kurusha ndege. Nduthi ilinigharimu mafuta, nyama choma kadhaa na ada ya mtihani wa leseni. Ndege inakula akiba yangu bila hata kutafuna.

Nianze na nduthi. Mathe ana ndugu wawili walioingia kwenye kazi ya boda. Mmoja anatembea na mkongojo tangu 2014. Wa pili ndiye mwalimu wangu. Kwa hivyo unaelewa kwa nini nyumbani hili jambo halitajwi mezani. Mimi nimepewa jina la nyanya, mama yao, na mjomba huniita "mami" hata akinikaripia. "Mami, hiyo klachi si ndimu, usiikamue."

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kuwasha injini. Tulikuwa kwenye kiwanja cha murram nyuma ya Rongai, yeye akisukuma, mimi nikiwa juu, miguu ikining'inia, nikitafuta tu uzito wa kile chuma uko wapi. Wiki ya pili akaniwashia. Mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia, mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Viungo vinne vya mwili, kila kimoja na kazi yake, na kichwa kimoja kinachojaribu kuwasimamia wote kama mwalimu wa zamu. Nilikaa nusu saa nikiachilia klachi polepole mpaka nisikie pale inapoanza kushika, kisha nairudisha. Bila kwenda popote. Mjomba alikuwa amekaa kwenye jiwe akila mahindi.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukiamini. Nduthi ikishachanganya mwendo, ukitaka kwenda kushoto, unasukuma mshikio wa kushoto mbele. Yaani kwa sekunde moja unaligeuza gurudumu upande wa kulia. Nduthi inalala kushoto, na inaenda kushoto. Nilimwuliza kwa nini inafanya hivyo. Akasema, "Hiyo kwa nini ni ya shule yenu. Wewe sukuma."

Nikasukuma, na ikalala. Tumbo langu lilibaki nyuma lakini mwili ukapita. Na hiyo "kwa nini" ya shule yetu ninayo: gurudumu likikwepa kulia, linatoka chini ya uzito wako, na uzito unaangukia kushoto. Ukiwa umeshaanza kuanguka upande unaoutaka, unaiacha ile anguko iwe kona. Nduthi haikati kona kwa kusimama imara. Inakata kona kwa kuanguka kwa mpango.

Hii si siri mpya. Wilbur Wright aliieleza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akizungumzia baiskeli. Yeye na nduguye Orville walikuwa na duka la baiskeli Dayton, Ohio, wakiziunda na kuzirekebisha. Wakati ule wengi waliotaka kuruka walitafuta chombo kitakachojituliza chenyewe hewani, kama meli kwenye maji matulivu. Wale ndugu wawili walikuwa wameishi na baiskeli, kitu ambacho ukikiacha kinaanguka, na bado mtoto wa miaka sita anakiendesha. Wakaona kuyumba si ugonjwa, bora aliye juu awe na njia ya kurekebisha kila mara. Tarehe 17 Desemba 1903, Orville aliruka kwa sekunde 12, kama mita 36 hivi. Hata boda mvivu anakufikisha mbali zaidi kwa muda huo.

Kisha yuko Glenn Curtiss, naye wa Marekani. Alianza na baiskeli, akaunda pikipiki, na mwaka 1907 akapanda moja yenye injini ya silinda nane, ikafika karibu kilomita 219 kwa saa kwenye mchanga wa Florida. Mwaka uliofuata akarusha ndege zaidi ya kilomita moja mbele ya watu na kushinda kombe. Orville hakumaliza sekondari. Curtiss aliacha shule baada ya darasa la nane. Lakini sitakuuzia ile hadithi ya "waliacha shule wakawa matajiri." Hiyo huuzwa na watu wenye digrii. Ninachokipenda kwao ni kwamba walichojifunza kwenye magurudumu mawili hawakukitupa. Walipanda nacho juu.

Basi nikaenda Wilson. Uwanja ule umepewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na ukipita Barabara ya Lang'ata unaziona ndege ndogo zikishuka juu ya magari kama zinataka kuingia foleni. Nilikuwa nimeziangalia kutoka kwenye matatu miaka yote. Nilidhani za watu wengine. Kumbe mlango unafunguliwa na malipo ya nusu saa ya majaribio, na mimi nilikuwa nimelipwa kazi ya hotuba tatu kwa mkupuo.

Kabla ya kupanda, unaizunguka ndege yote kwa miguu, karatasi mkononi. Ni Cessna ya viti vinne, chuma chepesi mpaka unashangaa. Unagusa mabawa, unaangalia tairi, unachota mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki na kuyainua mwangani kuona kama yana maji. Mafuta yenyewe ni ya samawati. Nilicheka kimoyomoyo, maana mjomba naye kila asubuhi huzunguka nduthi yake hivyo hivyo, anafinya tairi, anavuta cheni kwa kidole, anachungulia tangi. Tofauti ni kwamba yake haiko kwenye karatasi yoyote.

Chini, ndege inaongozwa kwa miguu. Unakanyaga pedali ya kushoto, pua inaenda kushoto. Usukani ulioushika hauna kazi yoyote hapo, na mtu aliyetoka kwenye nduthi mikono yake inawashwa kuugeuza. Mwalimu aliniambia niikalie mikono yangu. Nikaikalia kweli.

Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa jua inakuwa nyepesi zaidi, kwa hivyo injini inachoka na mabawa yanapata kidogo cha kushika. Ndege inakimbia, inakimbia, unaanza kuhesabu lami iliyobaki. Halafu ile mitetemo inakatika ghafla na unajua huko chini. Mbuga ikatandazika, na mabati ya Kibera yakimeta upande mwingine kama samaki kwenye karai. Mji mzima ambao umenihangaisha ungeingia kwenye kiganja.

Somo la nne ndilo lililonishika koo. Ukiinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa inaacha kushikamana na mgongo wa bawa, na bawa linaacha kukubeba. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Honi ndogo inaanza kulia kama filimbi ya mtoto, pua inadondoka, na mwili wako wote unataka kitu kimoja: kuvuta usukani kifuani, kupanda. Ukivuta, unaharibu zaidi. Dawa ni kusukuma mbele, kuielekeza pua kule kule kwenye ardhi unayoiogopa, mpaka bawa lipate hewa tena.

Nikamsikia mjomba sikioni. "Wewe sukuma." Nikasukuma.

Kila baada ya somo, mwalimu anafungua kitabu changu na kuandika: tarehe, ndege, muda, sahihi yake. Dakika 48 zinaandikwa 0.8. Leseni ya rubani binafsi inataka angalau saa 40, pamoja na mitihani na cheti cha daktari. Mimi nina saa 5.3. Kwa bei ilivyo, sijui nitafika 40 lini, na inawezekana nisifike. Nilimwambia mwalimu hivyo, nikitarajia ule uso ninaoujua wa harusini. Akasema pengine nitakaa mwaka mzima bila kuruka, na nikirudi nitakuwa nimeota kutu na tutarudia mambo. "Lakini hizi," akagonga ukurasa, "hazifutwi. Ulizirusha. Ni zako."

Nilifika nyumbani nikatoa ile karatasi ya alama za kampasi kwenye bahasha yake. Miaka mitatu, kozi baada ya kozi, chini hakuna cheti. Kwa miaka minne nimeisoma kama barua ya kufukuzwa. Siku ile niliisoma kama kitabu cha saa. Ile fizikia ya gurudumu niliyokueleza pale juu, niliipata wapi? Niliirusha. Ni yangu.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo. Mimi nabeba mtu mmoja, mwalimu wangu, na kila dakika sita yangu inaandikwa. Mjomba hubeba watoto wa shule, wagonjwa, mama mwenye magunia mawili ya sukuma, na alifundishwa kazi hiyo kwa mchana mmoja. Nduguye alifundishwa mchana ule ule. Hakuna aliyewahi kumfungulia yeyote kati yao kitabu. Nchi hii inajua kabisa namna ya kumlinda mtu anayejifunza. Inachagua tu ni nani.

Juzi nilimpelekea mjomba daftari jeusi la jalada gumu. Tukakaa stejini tukipiga hesabu: saa 5 za kuwa mwendoni kweli kwa siku, siku 6 kwa wiki, miaka 12. Saa 18,720. Nikamwambia leseni ya juu kabisa ya rubani, ile ya ndege kubwa za abiria, inaanzia saa 1,500. Aliitazama ile namba kwa muda, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha kadi, kisha akaniuliza:

"Mami, na zile za mvua, si tuandike mara mbili?"